Barabara niliyoijua dirishani: Lubumbashi mpaka Dar es Salaam kwa pikipiki ya spoti

Kwa miaka minne nilikuwa napita njia ya Lubumbashi–Dar es Salaam ndani ya basi, nikifuata mizigo bandarini. Nilijua wapi basi linasimama kwa chai, wapi tunaamshwa tuonyeshe pasipoti, mteremko gani unawafanya akina mama waanze kusali. Kwa hiyo nilipoamua kuifanya safari hiyo kwa pikipiki yangu, Honda CBR600F ya mwaka 2002, nilijiambia njia naijua. Kumbe aliyekuwa anaijua ni dereva wa basi. Mimi nilikuwa najua dirisha.

Tangu nirudi, vijana wawili watatu hapa mjini wameniuliza nilifanyaje. Mmoja ana pikipiki kali kuliko yangu, anataka kwenda nayo mpaka maporomoko ya Victoria. Nimechoka kusimulia vipandevipande, naandika yote mara moja.

Pesa kwanza, maana ndiyo watu wanaogopa kuuliza. Nilipanga dola 400 za kuitengeneza. Siku naondoka ilikuwa imeshakula 1,150, na hapo sijaweka mafuta wala sijagusa mpaka. Karibu nusu ya hizo zilikwenda kurekebisha makosa yangu mwenyewe, siyo ya pikipiki. Pikipiki ilikuwa nzima.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Bel-Air, mtaa wa hapa Lubumbashi, mtu wa maneno machache, ambaye siku hizi anaishi kwa kutengeneza pikipiki za wewa, yaani zile za kubeba abiria. Nilimpelekea orodha niliyoiandika usiku: filta ya hewa ya mashindano, bomba fupi la moshi, pedi za breki za mbio. Akaisoma mpaka chini, akaikunja, akanirudishia.

“Mutoto wangu, unaenda kushindana ao unaenda kufika?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kipande cha katoni ya pedi za breki, akaandika orodha yake: matairi, cheni na meno yake, oili ya injini, oili ya breki, maji ya rejeta, sili za shoka za mbele (zile zinazopunguza mtikisiko), plagi, betri. Filta iwe ile ile ya kiwandani, mpya. Hakuna hata kitu kimoja cha kuongeza mwendo. Nilimlipa, lakini moyoni nilimwona mzee wa zamani.

Matairi ndiyo yalinipa homa. Saizi ya nyuma ni 180/55 inchi 17, ya mbele 120/70 inchi 17, na hapa Lubumbashi saizi hizo si kitu cha kuingia dukani na kutoka nacho. Niliyapata mawili kwa mtu, yana meno mazuri, yanang’aa, dola 150. Nikajiona mjanja. Mzee akachutama, akapitisha kidole ubavuni mpaka akapata tarakimu nne ndani ya kiduara kama cha yai: 1114. Akanieleza kwamba mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 11 ya mwaka 2014. Tairi lilikuwa na umri wa mtoto wa shule, limekaa stoo linakauka. Akalikunja kidogo kwa dole gumba, nyufa ndogo zikafunguka katikati ya meno kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Zile 150 sikuzirudishiwa. Nikaagiza mapya Johannesburg, dola 430 pamoja na usafiri, nikangoja wiki tatu. Na nilichagua yale ya safari ndefu, ya mpira mgumu zaidi, siyo yale laini ya mbio ambayo yanashika lami vizuri lakini yanaisha kama sabuni. Huo ni uamuzi mmoja ambao sijaujutia.

Halafu oili. Hapa nilikosa mimi peke yangu, na nataka usomaji wako upunguze mwendo kidogo.

Mzee aliniambia nitafute oili ya pikipiki, 10W-40, yenye alama JASO MA. Dukani haikuwepo. Ilikuwepo ya magari, 10W-40 hiyo hiyo, ya bei nzuri, chupa imeandikwa kwamba inapunguza matumizi ya mafuta. Namba ni ileile, nikasema tofauti iko wapi? Nikaimwaga ndani mwenyewe nyumbani, Jumapili, bila kumwambia mtu. Tofauti ni hii: kwenye pikipiki kama hii, oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayooga sahani za klachi, ile ambayo sisi tunaita ambreyaje. Oili ya magari yenye dawa ya kuteleza inazifanya sahani ziteleze pia. Nilitoka kwenda Likasi kuijaribu, na kwenye mlima wa kwanza nikafungua gesi: injini ikalia juu, mshale ukapanda, lakini pikipiki yenyewe ikabaki palepale, kama mtu anayekimbia kwenye matope. Nilirudi nayo polepole. Kumwaga oili, kuweka nzuri, kuimwaga tena, na mwishowe kubadilisha sahani kabisa kwa sababu zilikuwa zimeshaungua: dola 140. Chupa ile ya magari niliokoa dola sita.

Safari ya pili ya Likasi nilikwenda na mizigo yote, kama siku ya safari yenyewe. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 240. Kama utachukua kitu kimoja tu humu ndani, basi jaribu na mzigo, siyo bila mzigo. Bila mzigo kila pikipiki ni nzuri. Ukishafunga mabegi, nyuma inakaa chini, pua inainuka, taa inaangaza majani ya miti, na kona inakuwa jambo la kujadiliana. Ilibidi tukaze springi ya shoka ya nyuma hatua mbili. Na begi la kulia, lile la kitambaa nililoshonesha kwa fundi viatu, lilikuwa limekaa sentimita chache juu ya bomba la moshi. Lilipokuwa tupu halikugusa. Lilipojaa, likalala. Nilisikia harufu nikadhani ni watu wanachoma takataka kando ya barabara. Ilikuwa mashati yangu. Mawili, na chaja ya simu. Mzee akapinda kipande cha bati la alumini akakifunga katikati ya begi na bomba, ikaisha.

Cheni nayo ina jambo lake. Ilikuja na kiungo cha kubanwa kwa kibanio kidogo chenye umbo la samaki. Kichwa cha samaki, ule upande usio na mwanya, lazima kielekee kule cheni inakoenda. Ukikiweka kinyume, jiwe dogo likikigonga kinachomoka, na cheni ikitoka kwa mwendo mkubwa inaweza kufunga gurudumu la nyuma au kupasua injini. Mzee hakukitaka kabisa kwenye injini yenye nguvu vile. Alitafuta kiungo cha kugongwa riveti, akakigonga mbele yangu. Mimi nilipewa kazi moja tu: kuipaka mafuta jioni, cheni ikiwa bado ya moto, kila kilomita 500 hivi.

Sasa makaratasi. Hapa nilipoteza wiki mbili ambazo hazikuwa na sababu. Karti rozi, yaani kadi ya usajili wa pikipiki, ilikuwa bado na jina la aliyeniuzia. Mjini hakuna aliyewahi kuniuliza, unaonyesha, unapita. Lakini ukitaka kuvusha chombo mpaka, jina la kwenye karti na jina la kwenye pasipoti yakitofautiana, unaonekana kama mwizi au kama mfanyabiashara, na yote mawili ni gharama. Nilibadilisha jina. Kama huna muda, chukua angalau barua ya yule mwenye jina kwenye karti, iliyothibitishwa kwa notari, na uitafsiri kwa Kiingereza, kwa sababu ofisa wa Zambia hana lazima ya kujua Kifaransa chako. Chukua pia karatasi ya forodha ya upande wetu inayosema pikipiki inatoka kwa muda na itarudi. Ukiisahau, siku ya kurudi utaambiwa ulipie ushuru wa kuingiza pikipiki yako mwenyewe nyumbani kwako. Hili basi halijawahi kunifundisha.

Nikaondoka asubuhi moja ya Julai, baridi inauma vidole. Ni kiangazi, hakuna mvua, na hilo nilipanga vizuri. Kasumbalesa ni kama kilomita 90, foleni ya malori ya shaba unaiona kabla hujauona mpaka. Kwa pikipiki unapita pembeni, madereva wanakupigia honi, unajiona mfalme. Ufalme uliishia dirishani. Ofisa akasema kwa Kiingereza, yellow card. Nikatabasamu, nikatoa kadi yangu ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, safi kabisa, ndani ya plastiki. Akaiangalia, akanirudishia, akarudia: yellow card. Nikampa tena ileile. Nyuma yangu dereva wa lori akaanza kucheka. Akanisogelea, akaniambia kwa Kiswahili chetu, “Ndugu, hiyo ni ya mwili. Anataka ya chombo.”

Kadi za manjano ziko mbili! Moja ni ya chanjo. Nyingine ni ya bima, ile ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), inayokulinda ukimgonga mtu nje ya nchi yako, na inakubalika Zambia na Tanzania pia, ingawa Tanzania yenyewe si mwanachama wa COMESA. Unaiomba kwa kampuni ya bima yako kabla ya kuondoka, na unataja nchi zote utakazopita. Ukumbuke inalipa hasara ya yule uliyemgonga. Pikipiki yako ikiumia, ni wewe na Mungu wako. Mimi sikuwa nayo, nikanunua bima ya Zambia palepale mpakani, nikalipa na kodi ya moshi na ada nyingine, na Tanzania nikanunua tena. Mara mbili, kwa kitu ambacho kingekuwa karatasi moja.

Ukivuka tu, dunia inageuka: Kongo tunaendesha kulia, Zambia na Tanzania ni kushoto. Nilidhani hapo pa kuogopa ni mizunguko ya Chingola na Kitwe. Hapana, kwenye mji una magari mengine, unayafuata. Hatari ni barabara tupu, asubuhi, ukitoka mahali ulipokuwa umesimama. Mimi ilikuwa kituo cha mafuta cha Mpika, siku ya tatu. Nimeweka mafuta, nimevaa glavu, nawaza kuhusu cheni, nikatoka nikashika kulia kama mtu aliyeko nyumbani. Nilikwenda labda mita 300. Lori likatokea kwenye kona likiwasha taa mchana, na mimi, jamani, nilikasirika nikisema dereva huyu amelewa. Tulipishana yeye akiwa ameshuka kwenye vumbi. Nilisimama nikakaa chini kando ya pikipiki mpaka miguu ikarudi. Tangu hapo nilifunga kitambaa chekundu mkono wa kushoto wa usukani, na kila nikiwasha nakigusa kwanza.

Na taa, kwa sababu hiyo hiyo. Taa ya pikipiki ya nchi za kuendesha kulia inarusha mwanga wake juu kidogo upande wa kulia, ili uone kando ya barabara. Ukiendesha kushoto, mwanga ule unaingia machoni mwa anayekuja. Kipande cha utepe mweusi kwenye kioo, ukikibandika usiku mbele ya ukuta mpaka ile pembe ya juu ipotee, kinatosha. Hata hivyo usiendeshe usiku. Mimi sikuendesha.

Kabla ya hapo, kati ya Serenje na Mpika, nilipata shimo langu. Ni kipande cha kilomita 230 na zaidi, malori yamekula lami. Kwa basi unarukaruka tu. Kwa gurudumu la inchi 17 lenye tairi la ubavu mfupi, kila shimo ni mazungumzo na rimu. Na mimi nilikuwa nimepunguza upepo! Pale Kapiri Mposhi mtu mmoja mwenye pikipiki ya matope alinishauri nishushe upepo nipate kukaa kwa raha, nikamsikiliza. CBR inataka upepo wa PSI 36 mbele na 42 nyuma, na ukiwa na mzigo huna ruhusa ya kucheza nazo. Nilishuka mpaka 28. Shimo likaja nyuma ya lori, sikuliona, nikasikia kishindo cha chuma kwenye chuma. Rimu ya mbele ikapinda ukingo, kama sufuria iliyoangushwa, na upepo ukaanza kutoka polepole. Tairi halina mpira wa ndani, kwa hiyo vile vibandiko vya kuziba tundu nilivyobeba havikuwa na kazi, tundu halikuwepo. Kilichoniokoa ni pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye betri, dola 25, kitu nilichokaribia kukiacha nyumbani kwa sababu ya nafasi. Kila kilomita 80 nasimama, najaza, naendelea. Hivyo mpaka Nakonde, hivyo mpaka Tunduma. Mpaka ule ni wa kituo cha pamoja, nchi mbili ndani ya jengo moja, ulikwenda haraka. Ukivuka, sogeza saa mbele saa moja.

Kuhusu saa: Mbeya nilipata fundi wa kunyoosha rimu. Nilimwomba aitoe mwenyewe kwa sababu spana ya ekseli ya mbele sikuwa nayo. Nilibeba za nyuma tu, sijui kwa nini. Akasema, “Kaka, njoo kesho saa mbili, nikufanyie wa kwanza.” Mimi nimekua nikihesabu saa kwa Kifaransa. Nikalala vizuri, nikala, nikafika saa mbili yangu, yaani saa nane yake. Alikuwa ameshapokea trekta. “Nilikungoja asubuhi nzima, bwana!” Ikawa siku nyingine Mbeya, na Mbeya mwezi wa saba ni baridi ya kukalia mikono. Rimu alinyoosha kwa moto na mbao, taratibu, akaniambia mwenyewe kwamba aloi ikishanyooshwa si ya kuamini kwa mwendo mkubwa. Nilishukuru kuambiwa. Sikupita 90 tena.

Mwendo wa 90 kwenye pikipiki ya spoti ni adhabu ambayo hakuna anayekuonya. Ukikimbia, upepo unakubeba kifua. Ukienda polepole, uzito wote unalala kwenye viganja. Kufika Iringa vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na vilibaki hivyo karibu mwezi. Bana tanki kwa mapaja, legeza viwiko, simama kila kilomita 100 hata kama husikii uchovu. Nilianza kufanya hivyo nikiwa nimechelewa.

Tanzania lami ni nzuri, na uzuri wake ni mtego. Kwenye vijiji ni 50, na chini ya mti yuko askari na mashine yake. Wenyewe wanasema umepigwa tochi. Faini shilingi 30,000, unapewa namba ya kulipia. Nilipigwa Makambako, nikapigwa tena mbele ya safari nikiwa bado na hasira ya ya kwanza. Ule mteremko wa Kitonga, ambao akina mama wa basini husalia, ulikuwa saa nzuri kuliko zote: gia ya pili, malori yananusa breki zilizoungua, mimi nashuka kona kwa kona, halafu joto la bonde la mibuyu linakupiga usoni kama mtu amefungua oveni. Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi kama kilomita 50. Twiga alivuka mbele yangu bila haraka hata kidogo. Basini nilikuwa nalala hapo kila mara.

Dar niliingia siku ya tisa. Kama kilomita 2,100 kwa hesabu ya mashine yangu. Shemeji yangu alipoiona pikipiki ilivyo na matope na utepe na kitambaa chekundu akauliza nimeinunua wapi.

Kurudi sisemi mengi, isipokuwa Tunduma. Kibali cha muda cha pikipiki nilikijaza mwenyewe nikiwa na usingizi, na kwenye namba ya chasi niliandika herufi O pale ilipo sifuri. Namba hizo zina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki humo hata siku moja, makusudi, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ofisa aliinama na tochi ya simu, akasoma chasi, akasoma karatasi, akainuka. Nilikaa pale muda wa saa tatu. Alikuwa na haki.

Mzee wa Bel-Air aliizunguka mara mbili bila kusema. Akapima cheni kwa kidole, akaridhika. Akaweka kiganja juu ya tairi la nyuma, lile la dola nyingi, ambalo kilomita zote zile za kunyooka zimelisawazisha katikati likawa bapa kama meza.

“Kona ulipiga ngapi?” akauliza.

Nikamwambia Kitonga, kwenda na kurudi. Akachukua kipande cha katoni, akaandika 180/55.